Ng'ombe Kumi na Mmoja Niliowachagua

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari hili nilipewa na chama cha maziwa niandike lita za asubuhi na za jioni. Lakini ng'ombe wangu ana mimba kubwa na hakamuliwi, kwa hivyo daftari limekaa bure, na mimi sipendi kitu kikae bure. Nitaandika mambo yangu mpaka azae. Naandika Kiswahili kwa mazoea ya darasa la ngumbaru. Nilifundisha wazee wa hapa Kanyakine kusoma na kuandika miaka kumi na minne, ndiyo maana karibu watu wote wamesahau kwamba naitwa Karwirwa. Ni Mwarimu huku, Mwarimu kule, hata kwa wale ambao sikuwafundisha.

Leo nimemchagulia jirani yangu Kajuju mtamba kule Nkubu. Muuzaji alitaka nimwangalie mtamba mwenyewe. Nikamwambia funga huyo, nionyeshe mama yake. Wanunuzi wengine hushika mgongo, hufungua mdomo, huzunguka zunguka kama polisi. Mimi mtamba simwangalii kabisa. Namwangalia mama yake akikamuliwa. Nauliza amezaa mara ngapi, ametoa lita ngapi, anapiga teke au hapigi. Mama akinipendeza, nasema chukua huyo binti.

Huyu wa Kajuju ni wa kumi na moja, na sijawahi kusikia lalamiko hata moja. Ni kwa sababu ya ng'ombe kanisa lilinipa kazi ya kuchagua mwalimu wa nasari. Ni kwa sababu ya ng'ombe watu wa mradi wa maji waliniuliza nani awe fundi wao. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nilijua ninastahili.

Binti yangu Nkirote amepiga simu kutoka Embu, anakofanya kazi katika duka la dawa za mifugo. Anasema Jumapili atakuja na mtu. Nikauliza mtu gani. Akacheka. Haya basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Vumbi tupu. Nimepanda maharagwe kwenye udongo mkavu kama kila mtu, sasa tunaangalia juu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mtu mwenyewe anaitwa Mugendi, wa Manyatta, huko juu ya Embu. Ana miaka thelathini na miwili. Ni mpole. Amekula mukimo sahani mbili, amebeba majani ya nepia ya ng'ombe bila kuombwa. Hayo nimeyaona na siyakatai. Lakini nilipomuuliza kazi, alinipa hadithi ndefu. Alianza kwa kufundisha shule fulani kwa mkataba, akaacha. Akaenda Maua kupakia miraa kwenye pikapu, akaacha. Akauza simu Embu mjini, duka likafungwa. Sasa anapandikiza miche ya avokado na makadamia.

"Kazi nne," nikasema.

"Ndio, Mama. Hii ya nne ndiyo imekubali."

"Na ile ya kwanza si pia ulisema imekubali?"

Nkirote alinikanyaga mguu chini ya meza. Sikujali. Nikamweleza kijana namna mimi huchagua, nikamhesabia ng'ombe wangu na wenyewe, Kaberia, Kiunga, Muriithi, mpaka nikafika kwa Kajuju. Alisikiliza vizuri sana. Halafu akaniuliza, "Mama, huwa unarudi kuwaona?"

"Kuwaona akina nani?"

"Hao ng'ombe. Baada ya mwaka, baada ya miaka miwili. Mimi nikiuza miche lazima nirudi kwa mwenyewe, kwa sababu mingine hufa na watu hawasemi."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikamwambia, kijana, ng'ombe akiwa mbaya utasikia kelele mpaka Chuka. Wameondoka saa tisa, wametembea hadi barabarani bila kushikana mikono, kwa heshima yangu nadhani. Lile swali sikulipenda. Afadhali angeuliza kwa kiburi, ningemjibu nikamaliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua! Imeanza saa nane mchana na ngurumo kubwa. Nimepanga ndoo zote chini ya mabati.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nkirote anasema watu wa Mugendi wanataka kuja kubisha hodi rasmi. Kwetu wageni wa namna hiyo hawakubaliwi kabla mwanamke mmoja wa nyumba hajaenda kimya kimya kuuliza habari zao. Kawaida ni shangazi, lakini shangazi za Nkirote wote wamekufa, na baba yake alikufa yeye akiwa darasa la tano. Nimemuuliza ndugu yangu Kathuri nimtume nani.

"Unauliza nini?" akasema. "Umtume nani mwingine na wewe mwenyewe ndiye unajua kuangalia?"

Nitaenda mwenyewe.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetoka Manyatta, nimelowa lakini nimeridhika.

Niliingia kibanda cha chai nikijifanya natafuta mtamba wa kununua. Tukaongea habari za mifugo kidogo, kisha nikauliza kuhusu kina Mugendi wa miche, na yule mama wa kibanda hakuhitaji kusukumwa.

"Mama yake ni Igoki," akasema. "Huyo aliruka ua. Aliacha bwana akaenda Mwea kupanda mpunga, na mtoto mgongoni."

"Hakurudi?"

"Alirudi baadaye. Lakini hiyo ni hadithi ndefu. Keti nikuongezee chai."

Sikuketi. Wingu lilikuwa limeshafika, na mimi nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta. Alininyooshea kidole nyumba yenyewe, mabati ya kijani, ng'ambo tu ya barabara. Niliona mtu barazani ameinama anafanya kazi. Nikapita.

Mama aliruka ua, na mwana ameruka kazi tatu. Mambo yamekaa sawasawa, hata ng'ombe hajawahi kunirahisishia hivi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua asubuhi. Ng'ombe hataki kulala kwenye matope, nimemtandikia magunia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo saa nne alipiga simu mzee anaitwa Kivuti, ndugu ya marehemu baba yake Mugendi. Sauti nzuri ya taratibu. Akanisalimia mpaka akamaliza salamu zote, akasema wangependa kuja kutuona tarehe ishirini na tisa Novemba, kama tutakubali.

Nilikuwa nimeshatayarisha maneno. Nikamwambia, "Mzee, mimi ndama simchukui bila kumjua ng'ombe. Na ng'ombe wenu aliruka ua. Msijisumbue kuja."

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha akasema, "Asante, Mama. Tumesikia."

Nimemwambia Kathuri maneno hayo neno kwa neno, akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka.

Jumapili, 26 Oktoba

Nkirote amepiga nikitoka kanisani. Hakusalimia.

"Mami, Mzee Kivuti alikuwa ameweka simu kwa spika. Walikuwa wamekaa watu kumi na wawili. Mama yake Mugendi ndiye alikuwa anawapa chai."

"Mimi nilijuaje ni spika?"

"Ungejua, ungesema nini?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo liliniogopesha. "Ulifika Manyatta, Mami. Ulikunywa chai ng'ambo ya barabara, watu wa kibanda wamewaambia. Si ungebisha tu?" Akakata.

Nilimwandikia ujumbe kwamba mzazi hukosea kwa sababu ya kupenda. Nikaufuta. Nikamwandikia kwamba siku moja atanishukuru. Huo ndio niliutuma.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Maharagwe yameota. Nkirote hajapiga.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekutana na Abdimalik pale Nkubu. Huyu ndiye mwenye lori ambalo hubebea watu wetu mifugo, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ni mtu wa utani.

"Mwarimu! Wa Kajuju nilimfikisha salama. Sasa uniombee nisije nikambeba tena kama yule wa Kaberia."

"Wa Kaberia ulimbeba ukampeleka wapi?"

"Si kichinjio, mwaka jana." Halafu akaniangalia usoni, na utani ukamwisha. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa kioo cha lori kilichokuwa kisafi. "Wallahi nilidhani unajua, Mama."

Kumbe mwaka jana! Na Kaberia tunakaa naye benchi moja kanisani.

Jumatano, 5 Novemba

Nilienda kwa Kaberia asubuhi kukiwa na manyunyu. Aliponiona langoni alikuja mbio kunipokea mwavuli, akanipitisha upande wa jikoni ili nisipite karibu na zizi. Nilipita karibu na zizi. Ndani kulikuwa na mbuzi wawili na baiskeli.

"Kaberia, ng'ombe yuko wapi?"

"Aah, Mwarimu, hakuna shida. Karibu chai kwanza."

Chai ikaja. Mke wake aliinama kwenye kona, akakata pakiti ya maziwa ya dukani kwa meno, akanimiminia. Nyumba niliyoichagulia ng'ombe mimi mwenyewe, na maziwa ni ya pakiti! Nilishika kile kikombe nikashindwa kukinywa na kushindwa kukiweka chini.

"Niambie," nikasema.

"Hakushika mimba, basi. Daktari alikuja mara nne. Tulimlisha miaka miwili. Ni bahati mbaya tu, Mwarimu, si wewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Kaberia ana miaka sabini na moja. Alitazama mikono yake. "Ningekuambiaje? Wewe ndiye ulinishika mkono huu nikaandika jina langu. Kila nikikuona unauliza, 'Ng'ombe anaendeleaje?' na kabla sijajibu unasema, 'Najua anaendelea vizuri.' Nikaona nikubali tu."

Ni kweli. Husema hivyo. Nimejisikia nikisema hivyo.

Nilitembea kurudi bila kufungua mwavuli. Watu walinisalimia njiani, "Muga, Mwarimu," nami nikawa naitikia huku naangalia chini. Woi, miaka miwili mtu mzima alifuga aibu yangu zizini kwake, akailisha na kuinywesha maji.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeamua kuwapitia wote. Jana nilienda kwa Muriithi. Ng'ombe wake alizaa mara moja, akatoa lita tatu, kiwele kikaharibika. "Hakuna shida, Mwarimu." Leo nimeenda kwa wengine wawili. Ng'ombe wa mmoja alipiga teke mpaka akamvunja mama wa nyumba mkono. Ule mkono niliuona mwaka juzi ukiwa na plasta, nikauliza umefanya nini, akaniambia aliteleza. Kwa mwingine ng'ombe yuko, anakula, hana neno, lita tano. Kote naambiwa hakuna shida. Mvua inanipiga mgongoni na wenye nyumba wananipa kiti kizuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimecheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, halafu kicheko kikanikauka.

Ng'ombe wa Kiunga ni malkia. Anang'aa, kiwele kama chungu, lita kumi na nane kwa siku! Nilimzunguka nikimpigapiga ubavu, nikasema, "Unaona? Si nilisema? Huyu mama yake nilimwona kwa macho haya."

Kiunga ni mtu wa ukweli lakini hupenda kuzunguka kwanza. Akakohoa. "Mwarimu, huyu alikuja hapa mifupa mitupu. Mwaka wa kwanza alitoa lita nne." Akanionyesha mke wake, aliyekuwa anakata nepia ndogo ndogo kwa panga. Anakata hivyo kila siku tangu alfajiri. Anachemsha maji ya kumnywesha ng'ombe kukiwa na baridi. Anamchana kwa burashi. "Na yule mwingine pale," Kiunga akaongeza, "tulimnunua tu barabarani kwa mtu aliyekuwa anahama. Hatukujua hata mama yake ni nani. Huyo anatoa kumi na saba."

Nilikaa juu ya ndoo nikamtazama yule mama akikata nepia. Nimesifiwa miaka yote kwa kazi ya panga lake.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekutana na mzee wa kanisa, nikamuuliza kuhusu yule mwalimu wa nasari niliyemchagua. Wakati ule niliambiwa ameolewa mbali. Hakuolewa. Aliwachapa watoto, wazazi wakaja juu, akafukuzwa kabla muhula haujaisha. "Hatukutaka kukuvunja moyo," akasema. Nilimchagua kwa sababu mama yake alikuwa mwalimu mzuri. Fundi wa mradi wa maji naogopa hata kumuulizia.

Jumamosi, 15 Novemba

Ng'ombe wangu amezaa dume. Daftari lilipaswa kurudi kwenye maziwa. Litangoja.

Jumatano, 19 Novemba

Nimemaliza. Wa Kajuju ni mapema mno kusema. Kati ya wale kumi waliobaki, wazuri ni watatu, na wote watatu wako kwa watu ambao hata mbuzi wao wamenona. Wanne ni wa kawaida, kama ng'ombe yeyote ambaye mtu angemchukua amefumba macho. Watatu ni hasara na maumivu.

Nimeandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia bila kuaibika. Hii ndiyo sifa niliyobeba mpaka Manyatta. Kama ningekuwa hodari wa ng'ombe kweli, bado ng'ombe angekuwa ng'ombe na Mugendi angekuwa mtu. Lakini hata huo uhodari haukuwako! Nilimpima mtoto wa watu kwa kipimo ambacho sikuwahi kukipima. Na yeye aliniuliza swali moja tu, kama huwa narudi, nikamcheka mezani kwangu mbele ya binti yangu.

Nakumbuka nilivyosema kazi nne. Kwa sauti ile.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimempigia Nkirote mara tatu. Inaita mpaka inakatika. Kathuri amekuja kula, akaniambia niache mambo yatulie, msichana atapata mwingine, na mimi ni mzazi, mzazi haombi msamaha. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Lakini maneno yalikuwa yako." Hapo hakukosea.

Jumanne, 25 Novemba

Nimepiga simu dukani kwake Embu. Wameniambia amechukua likizo. Hakuniambia kama ana likizo.

Ijumaa, 28 Novemba

Jana nilienda Manyatta. Naandika leo asubuhi ili nisipunguze kitu.

Mvua ilikuwa imesimama kidogo. Niliposhuka, mama wa kibanda alinitambua, akaita, "Ulipata mtamba?" Nikamwambia sikupata. Nikavuka barabara, nikabisha kwenye lango la mabati ya kijani.

Barazani alikuwa ameketi mama mwembamba wa umri wangu, amevaa gambuti, anajaza udongo kwenye mifuko ya miche kwa mikono. Nikasalimia. Nikaanza kusema, "Mimi ni Mama..."

"Najua sauti yako," akasema.

Akanionyesha kigoda kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo. Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno, maneno mazuri ya kanisani, na yote yalinitoka. Nikasema tu, "Sikuja kuomba arusi. Nimekuja kusema nilikosea. Nilikutukana mbele ya watu wako, na sikukujua."

"Ulikosea wapi?" Aliendelea kujaza udongo. "Niliacha bwana nikaenda Mwea. Hiyo ni kweli, kila mtu hapa anajua."

"Sikujua sababu."

"Na bado hujui. Na sitakuambia." Hapo ndipo aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Siku ile ungebisha, ningekuambia yote, na chai juu. Ulikuwa pale ng'ambo. Leo nikikuambia sababu, utakaa hapo uipime, uone kama inatosha. Sikuzaa mtoto wangu ili apimwe na sababu yangu."

Nilitamani anitukane tu, mambo yaishe. Nikamwambia habari za ng'ombe, wote kumi na mmoja, wa kichinjio, wa mkono uliovunjika, lita zote. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka awe na kitu kibaya cha kunishika nacho kama nilivyokuwa nacho mimi. Alisikiliza, mara moja mdomo wake ukatikisika nikajua anazuia kicheko, na ilinichoma, lakini ilikuwa haki yake.

Kisha akageuka akaita jikoni, "Mwanangu, leta chai, tuna mgeni."

Nkirote akatoka na sinia.

Alikuwa na leso kiunoni. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, au ni vile sikuwa nimemwona tangu mvua ianze. Aliweka kikombe mbele ya Igoki bila kuuliza kitu. Kisha akaja kwangu, akapiga goti kidogo kama mtu anavyomhudumia mgeni, macho chini.

"Unatumia sukari?"

Nimemnywesha uji mtoto huyu. Nilimwambia situmii. Alijua situmii. Akarudi jikoni, na mimi nikalia mbele ya mwanamke niliyemwita ng'ombe, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, hakunibembeleza wala hakuondoka.

"Mwenye kuombwa si mimi peke yangu," akasema mwishowe. "Mwenye kazi nne yuko nyuma ya nyumba."

Kumbe hata hilo lilifika kwake.

Mugendi alikuwa chini ya neti ya kivuli, kati ya miche. Aliponiona alisimama, akaweka kisu chini. "Karibu, Mama." Nikamwambia yote. Nikamwambia nilirudi kuwaona, na nilichokiona. Nikamwambia swali lake lilikuwa la kweli na kicheko changu kilikuwa cha kijinga. Nikaomba msamaha kwa ajili ya mama yake na kwa ajili yake mwenyewe.

Alitabasamu kwa upole uleule. "Hakuna shida, Mama. Yameisha."

Yale maneno! Nimeyasikia nyumba baada ya nyumba mwezi huu. Ningeweza kuyapokea. Ningerudi Kanyakine nimwambie Kathuri kila kitu kiko sawa, na tungekula arusi, na miaka kumi baadaye ndipo ningejua.

"Mugendi," nikasema, "usinifanyie hivyo. Niambie vile ilivyo."

Akatazama nyumba. Lile tabasamu likatoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwingine, mzito zaidi.

"Basi si sawa," akasema. "Mama hakuenda kanisani Jumapili tatu. Yeye ni wa kwaya. Mzee Kivuti haongei na mimi, anasema nilileta aibu nyumbani. Na mimi nikikuona nasikia ile simu. Nitakuja kwenu na wazee tarehe kumi na tatu Desemba, kwa sababu Nkirote anataka kutolewa nyumbani kwao na mama yake akiwa hapo. Mimi ningependa nisije. Kukupenda, Mama, sijui. Kwa sasa sikupendi."

Sidhani amewahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo.

Nilimwambia asante. Nilimwambia tutawangoja tarehe kumi na tatu, na kwamba nitasimama mbele ya watu wangu na watu wake niseme nilichosema na kwamba kilikuwa dharau na matusi. Akaitikia kwa kichwa, akaokota kisu chake. Mvua ilianza tena, na sisi wawili tukabaki chini ya neti ile inayovuja, yeye akikata na kupandikiza miche, mimi nikimpokeza kamba za kufungia.